Mikono Mia Nne ya Kulia

Tulikuwa tumeshashuka ngazi za ghorofa mbili kati ya tatu, mpwa wangu mbele na tumbo lake, mimi nyuma na mkoba wake, na nusu ya kiwanda nyuma yangu.

"Fundi, chaki za bluu umeweka wapi?"

"Kwenye kopo."

"Kopo lipi?"

"Lililoandikwa chaki za bluu."

"Fundi, yule bwana wa koti la kijivu akija kulalamika tena?"

"Mwambie mabega yake ndiyo hayalingani. Koti halina kosa."

"Fundi, eti ukijifungua mapacha likizo inakuwa miezi sita?"

Hapo akasimama, akashika ukuta, akafumba macho. Mimi nilidhani anafikiria jibu. Kumbe uchungu ulikuwa umemshika tangu saa mbili asubuhi naye kanyamaza kimya, ili kwanza amalize kukata suruali kumi na mbili za walinzi. Alipofumbua macho alisema, "Mjomba, twende upesi kidogo," kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchelewa dukani.

Chini palikuwa na teksi. Tajiri, yaani mwenye kiwanda, alikuwa ameshafungua mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo washonaji walilishangaa kuliko tumbo. Alimsaidia kuketi, akafunga mlango taratibu, akaingiza kichwa dirishani.

"Nenda mama, ujifungue salama. Kazi usiiwaze kabisa. Umenisikia? Kabisa." Gari likaanza kusogea, naye akasogea nalo. "Ila, ufunguo wa kabati la mikasi?"

Mpwa wangu aliuvua ufunguo shingoni akampa, na gari likaondoka.

Mimi nilikuwepo kwa bahati tu. Nilikuwa napita, nimekuja kumjulia hali kwa siku mbili, kisha niendelee na safari. Maisha yangu ndivyo yalivyokwenda. Nimelinda mageti, nimepika kwenye mabanda ya wajenga barabara, nimehesabu magunia, nimepiga rangi mashua ambazo sikuzipanda. Shule nilisoma kama mtu anayekula karanga njiani, moja hapa, moja kule, na nyingine zilianguka. Kusoma najua. Kuandika najua pia, ila polepole, na kwa herufi kubwa. Hilo la polepole lilikuja kutufaa.

Mtoto alizaliwa alasiri ile ile, msichana, mapafu mazima. Baba yake, mkwe wangu, ni fundi bomba, na alipousikia ule mlio wa kwanza kutoka chumba cha uzazi alisema, "Presha nzuri," halafu akalia. Tulimwita Mpangaji, kwa sababu alikaa miezi tisa bure na akatoka akidai.

Simu ya kwanza ya kazini ilikuja kesho yake, mama bado yuko kitandani hospitali. Alikuwa tajiri.

"Hongera sana! Mama hajambo? Mtoto hajambo? Tunamshukuru Mungu. Sasa, kola ya sare za wauguzi, nyuma ni inchi ngapi?"

Akamjibu. Na ukishajibu ya kwanza, umefungua bomba. Mwulize mkwe wangu.

Lazima nieleze kidogo kuhusu kiwanda kile, ili usiwaone wale watu kuwa wajinga. Kiko ghorofa ya tatu. Kina vyerehani ishirini na viwili kwa mistari miwili, na mbele kabisa, chini ya taa kubwa, kuna meza ya kukatia, ndefu kiasi kwamba familia nzima ingeweza kulala pale bila kusukumana. Meza ile haiguswi na mtu ila mkataji. Mshonaji akikosea, anafumua. Mkataji akikosea, amekosea. Ndiyo maana kila mtu pale alikuwa jasiri mbele ya cherehani na kondoo mbele ya mkasi, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa mkataji, peke yake, kwa miaka tisa.

Kwa muda wa likizo mkasi alipewa Bi Kola. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpole, na jina lile alilipata kwa haki, maana kwa miaka kumi na moja alikata na kushona kola, na si kitu kingine. Kola zake zilisimama zenyewe kama askari. Lakini kola ni kola. Alipopewa mkasi wa shati zima, alishika simu kwa mkono mwingine.

Wiki ile ya kwanza nyumbani nilihesabu simu thelathini na moja kwa siku moja. Mpwa wangu alizipokea akinyonyesha, akioga, akila. Siku moja alieleza kiuno cha suruali huku mkwe wangu amempimia inchi kwenye taulo la mtoto ili awe na uhakika. Kila simu ikilia, Mpangaji anaachia titi, anageuka kutazama, kisha anapiga kelele kama mtu aliyekatiwa chakula hotelini. Mama anamtuliza, anamrudisha, simu inalia. Maziwa yakaanza kusita. Mama akawa na macho mekundu. Nguo alivaa kinyume, yeye ambaye akiona pindo limepinda kwa mtu barabarani alikuwa anamsimamisha.

Siku zangu mbili zilikuwa zimekwisha zamani. Begi langu lilikuwa mlangoni limefungwa, nami nimevaa viatu, siku ya nne mfululizo. Kila nikitaka kuaga nakuta mtu analia, kama si mtoto ni mama.

"Zima hiyo simu," nikamwambia asubuhi ile.

"Siwezi, Mjomba."

"Kidude kama sabuni, huwezi kukizima?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda, mtoto begani. "Unajua ile meza niliipataje? Kulikuwa na mkataji kabla yangu, Mzee Futi. Akaumwa mguu, akalala miezi miwili. Tajiri akawa anampigia, naye anasema, 'Niacheni kwanza nipone.' Mimi nilikuwa nashona mifuko tu. Nikapewa mkasi nimshikilie. Aliporudi akakuta nimeshika kweli. Tajiri akampa bakuli la vifungo, awe anachambua vyeusi na vyeupe, mpaka akachoka mwenyewe akaenda kwake." Akapangusa pua kwa nepi safi. "Kila hii simu ikilia, Mjomba, namwona Mzee Futi na bakuli lake. Nisipojibu, nitachambua vifungo. Nikijibu, mtoto wangu ananyonya kwa awamu kama umeme wa mgao. Sasa niambie nizime."

Mtu wa kutembea kama mimi hajawahi kuogopa kupoteza meza; hata kiti sijawahi kuwa nacho. Lakini niliwahi kuwa bawabu wa daktari kwa miaka miwili, na mlango ule ulinifundisha kitu kimoja: anayegonga mara tatu ana shida, anayegonga mara kumi ana nafasi.

Nikavua viatu.

"Lete simu," nikasema. "Na daftari."

"Utafanya nini?"

"Hutakataa kujibu. Utajibu kila kitu. Ila sasa una karani."

Tuliandika barua kwa tajiri na kwa kiwanda kizima, mimi nikiandika, yeye akinirekebisha, mkwe wangu akicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Yeye ndiye aliyeipeleka na kuibandika ukutani, juu ya birika la maji ya kunywa, mahali ambapo kila mtu hupita. Ilisema hivi:

"Kwa wote. Fundi yupo, hajambo, ananyonyesha. Atarudi kazini tarehe ile ile iliyo kwenye fomu ya likizo. Swali lolote aambiwe mjomba wake, ataliandika. Fundi atajibu maswali yote kila Alhamisi saa nne asubuhi. Kama kuna moto, zimeni kwanza ndipo mpige."

Saa hiyo hiyo simu ikalia.

"Shikamoo, Mzee. Naomba kuongea na Fundi."

"Marahaba. Kuna moto?"

"Hapana."

"Kuna damu?"

"Sindano imenichoma kidogo."

"Hiyo ndiyo kazi uliyoomba. Sema swali, niandike. Polepole."

Basi akasema, nami nikaandika, herufi moja baada ya nyingine, nikitamka kila moja kwa sauti kama tulivyofundishwa. Nilipofika katikati ya swali akasema, "Basi Mzee, acha, nimekumbuka mwenyewe." Nikapiga mstari. Nikaona hapa pana dawa.

Tajiri alipiga mara tatu siku hiyo.

"Mzee, mimi ndiye tajiri."

"Nimeandika. Tajiri, simu ya tatu. Swali?"

"Sina swali, nataka kuongea naye tu!"

"Nimeandika. Hana swali."

"Wewe mzee umesomea wapi ukarani?"

"Hapa na pale."

"Inaonekana!" akasema, akakata. Lakini kesho yake alipiga mara mbili, na kesho kutwa mara moja, kuniuliza kama naijua kazi ya geti maana anatafuta mlinzi.

Nilikuwa napokea simu nikitembea. Siwezi kukaa kitako na kuongea, miguu inawasha. Nilizunguka nyumba, kutoka mlango wa mbele hadi kamba ya nguo, hadi tangi, hadi mbele tena. Baada ya wiki mbili palikuwa na njia nyeupe kwenye majani, kama ya ng'ombe. Nikagundua Mpangaji akibebwa kwenye mzunguko ule hulala kabla ya tangi. Kwa hiyo nikawa natembea na simu sikio hili, mtoto bega lile, daftari limebanwa kwapani. Nilisafiri sana mwezi ule bila kutoka uani. Jirani mmoja alimwuliza mkwe wangu kama mzee wenu anafanya mazoezi ya kitu.

Ndani, mpwa wangu alilala. Alilala mchana kama mtu aliyeingia ardhini, akaamka na mashavu. Mtoto alinyonya mpaka mwisho, akaachia mwenyewe, akalewa. Ikafika wakati mama anacheka peke yake chumbani, tukienda kuangalia tunakuta hakuna kitu, mtoto amepiga chafya tu.

Alhamisi ya kwanza maswali yalikuwa ishirini na matatu. Ya pili, tisa. Ya tatu, manne, na moja lilikuwa kama mtoto amefanana na nani. Waliweka simu yao juu ya ile meza, kwenye spika, wote wamezunguka, na mwishoni wakaomba wasikie mtoto akilia. Tukamfinya? Hapana, hatukumfinya. Tulimvua soksi tu, hataki kuvuliwa soksi.

Ndipo ikaja Jumatatu ya wiki ya tano.

Simu ililia saa tano asubuhi. Alikuwa Bi Kola. Hakunisalimu, na Bi Kola ni mtu ambaye angemsalimu hata mwizi.

"Mzee, niitie Fundi. Tafadhali. Nimeua."

"Kuna damu?"

"Mikono, Mzee. Mikono mia nne."

Nikasimama karibu na tangi. Nilimwambia avute pumzi, na aseme kama anavyomwambia mtu asiyejua kushika hata sindano, maana ndiye mimi. Akaeleza akilia. Kulikuwa na oda ya mashati mia mbili ya shule, mikono mirefu. Sasa mkono wa shati, kumbe, una mbele na nyuma, una mpasuko wa kifungo upande mmoja. Wa kulia hauwezi kuvaliwa kushoto. Na kitambaa kina uso na mgongo. Mkataji hukikunja uso kwa uso, hivyo kila akikata anapata mapacha, wa kulia na wa kushoto. Bi Kola hakukunja. Alitandaza tu, tabaka juu ya tabaka, uso wote juu, kama alivyotandaza miaka kumi na moja.

"Kola haina kulia wala kushoto, Mzee," akasema. "Sikuwaza. Mikono yote mia nne ni ya kulia. Tajiri ameona. Amesema anakwenda kuchukua gari aje kumbeba Fundi sasa hivi, na mimi nirudi kwenye kola, kama hata kola nitapewa. Niitie, Mzee."

Nilikwenda hadi dirishani. Mpwa wangu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na Mpangaji amelala juu ya kifua chake, mdomo wazi vile vile, kama mtu na kivuli chake. Ilikuwa mara ya kwanza wote wawili walale wakati mmoja bila mtu kuwabembeleza.

Nitasema kweli, niliogopa. Kumwamsha ilikuwa ni kugusa bega tu. Nisipomwamsha na mambo yakaharibika, bakuli la vifungo litakuwa lake, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemkabidhi kwa mikono yangu. Na nikimwamsha, tajiri atakuwa amejua: simu ya kilio inafungua mlango. Kesho wote watalia.

Nikarudi kwenye tangi.

"Bi Kola, ingekuwa yeye yuko hapo, angefanya nini?"

"Angekuja mezani."

"Halafu?"

"Angesimama. Mikono kiunoni. Angenyamaza kwanza. Yeye hunyamaza sana mbele ya kitambaa."

"Basi nenda ukasimame. Simu usikate."

Nikasikia viatu vyake. Nikasikia vyerehani, ishirini na viwili, halafu kumi, halafu kimya. Nadhani wote waliacha kushona wamtazame. Mimi nami nikasimama, mkono mmoja kiunoni, sijui kwa nini. Alinyamaza muda mrefu. Kuku wa jirani akapita, akanitazama, akaendelea.

"Mzee," akasema Bi Kola, taratibu.

"Nipo."

"Oda ya Ijumaa ijayo ni ya tawi la pili la shule hiyo hiyo."

"Sijui maana yake, lakini endelea."

"Mashati mia mbili. Rangi hiyo hiyo. Saizi hizo hizo. Nembo tu tofauti." Sauti yake ilianza kupanda kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili. "Kile kitambaa chao kipo kabatini. Nikikigeuza chote, uso chini, nikakata mia nne ya kushoto... Mzee! Mia nne ya kulia, mia nne ya kushoto! Mia mbili mbili zinaingia kwenye hizi, mia mbili mbili kwenye zile! Hakuna kilichoharibika! Nimekata oda ya Ijumaa ijayo kabla ya siku yake!"

Kule nyuma mtu akapiga kigelegele, kisha wote. Bi Kola alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mimi nilikuwa nacheka bila kuelewa vizuri, mpaka nilipochora mikono kwenye daftari ndipo nikaona kweli inatosha.

"Mwite tajiri arudi na gari lake," nikamwambia, "kabla hajamaliza mafuta."

Niliandika yote ukurasa wa kumi na saba. Lakini sikumwambia mpwa wangu. Nilijiambia ni kwa sababu Alhamisi bado. Ukweli ni kwamba niliogopa pia. Siku tatu zile nilizunguka nyumba hata bila simu, na mkwe wangu aliniuliza kama njia yangu ya uani imeingia shimo.

Alhamisi saa nne kamili simu ikalia. Mpwa wangu aliiweka mezani, mtoto titini, akaweka kwenye spika.

"Fundi," ilikuwa sauti ya tajiri, "una habari kwamba Jumatatu tulikata mikono mia nne ya kulia?"

Mpwa wangu aliruka mpaka Mpangaji akaachia. Akanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu niibe embe nikiwa na miaka saba.

"Ukurasa wa kumi na saba," nikasema, nikamsukumia daftari.

Alisoma na kidole, maana maandishi yangu si ya haraka hata kwa msomaji. Tajiri aliendelea. "Nilikuwa nimeshawasha gari nije nikubebe, wewe, mtoto na kitanda. Sasa mambo yamenyooka, sikatai. Mashati yanatoka kesho. Lakini moyo wangu haujatulia. Nataka urudi Jumatatu, nusu siku tu, uonekane mezani. Mkasi umeonjwa, mama. Na unajua, meza haikai bila mwenyewe. Wewe unajua kuliko mtu yeyote."

Wiki saba zilikuwa zimebaki kwenye fomu. Mpangaji alikuwa ameshika ukanda wa gauni la mama yake kwa ngumi, kama abiria aliyesimama. Nilijua mpwa wangu anamwona Mzee Futi.

"Bi Kola yupo hapo?" akauliza.

"Nipo, Fundi," ikasikika, kwa mbali. "Nisamehe."

"Ulikunja au ulitandaza?"

"Nilitandaza. Kola haina—"

"—haina kulia wala kushoto," mpwa wangu akamalizia, na kicheko kikamtoka, kile cha tumboni, mtoto akarushwa juu na chini. "Bi Kola, mwaka wangu wa kwanza nilikata suruali sitini, miguu yote ya kushoto! Nikaficha chini ya meza siku mbili. Unajua nani aliniambia dawa ya kukunja? Mzee Futi, bakuli la vifungo mapajani. Angeweza kunyamaza aniache nifukuzwe. Hakunyamaza."

Kiwanda kizima kikawa kinacheka. Yeye akaacha kucheka kabla yao.

"Tajiri, nakujibu, na Mjomba anaandika. Jumatatu siji. Nitarudi tarehe ya kwenye fomu. Na siku hiyo Bi Kola asirudi kwenye kola. Mwachie mkasi. Mtu aliyekosea mikono mia nne, kisha akairudisha mwenyewe bila kushikwa mkono, huyo ni mkataji. Weka meza ya pili."

"Meza ya pili? Hapa? Itakaa wapi?"

"Ofisini kwako. Wewe kiti chako kina magurudumu, utakaa popote."

Nilisikia mtu ameangusha mkasi kwa kucheka. Tajiri hakucheka. Simu ikakatika.

Tukakaa tunatazamana, mimi, yeye na mkwe wangu aliyekuwa mlangoni na bomba begani. "Nimeharibu?" akauliza mpwa wangu. Akamrudisha mtoto titini, naye mtoto akanyonya. Mimi nikatoka na simu, nikaanza kuzunguka. Nilizunguka mara kumi na nne.

Mara ya kumi na tano ikalia. Tajiri.

"Kuna moto?" nikamwuliza. Mazoea.

"Hakuna moto, Mzee." Alipumua kwa nguvu. "Nina swali. Andika. Hiyo meza ya pili, iwe na urefu gani?"

Nikaliandika, herufi kwa herufi. Mpwa wangu alikuwa amekuja dirishani na mtoto wake, amesikia, ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanateremka na mabega yanacheza.

"Limepokelewa," nikamwambia tajiri. "Fundi atajibu Alhamisi saa nne."

Mpwa wangu alirudi kazini tarehe ile ile ya kwenye fomu. Anakata upande wa dirishani. Bi Kola anakata sare za shule kwenye meza ya pili. Hajatandaza tena, isipokuwa mifuko siku moja, ikafaa. Ofisi ya tajiri iko kwenye kona ya ngazi, na anasema ina hewa. Mzee Futi alifuatwa kwake. Huja Jumanne na Ijumaa kufundisha kukata, na bakuli lake wameligeuza la chaki. Mkwe wangu bado ni fundi bomba. Daftari linaning'inia kwenye msumari kiwandani, na mtu haruhusiwi kumwuliza mwenzake kitu kabla hajakiandika. Mpangaji ana meno mawili na hataki soksi. Mimi niliondoka Jumatatu iliyofuata baada ya mpwa wangu kurudi kazini, kwa basi la asubuhi. Sasa nalinda ghala la mbao. Majani ya pale uani nimeambiwa yameota tena.